Teatre za Kinshasa ndani ya saloni zetu: tunacheka neno, ao tunamcheka mtu?

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Uvira, Goma, Bunia ao Kindu, televisheni ni moja na saloni ni moja. Jioni, kama umeme umerudi, wote wanakusanyika pale: baba, mama, watoto, shangazi aliyekimbia vita kijijini, mpangaji wa chumba cha nyuma, pamoja na watoto wa jirani ambao kwao hakuna tele. Mchezo wa kuigiza wa Kinshasa unaanza. Dakika tano hazijapita, muigizaji anatupa neno juu ya matako ya jirani yake, ao mume anaeleza mbele ya kartie nzima mambo ya kitandani. Vijana wanapasuka na kicheko. Baba anakohoa. Mama anakumbuka ghafla kwamba kuna chungu jikoni. Mtu anaanza kutafuta telekomande chini ya mito ya viti, na siku hiyo haionekani.

Jambo hili linagawa wakaaji tangu zamani, na kila mara linarudi: katika vipindi vya simu kwenye redio, katika vikundi vya WhatsApp vya kartie, kwenye kiwanja cha kanisa kisha misa, kwenye nganda. Wengine wanasema teatre hizi zinaharibu watoto na zinavunja heshima ya nyumba. Wengine wanajibu kwamba ni maisha tu, kwamba anayechukizwa abadilishe kituo, na kwamba watu walioteseka namna hii wako na haki ya kucheka. Ukisikiliza vizuri, pande zote mbili zinazunguka kwenye kitu kimoja: maneno. Neno gani limetajwa, limetajwa waziwazi ao kwa kufichwa, limetajwa mbele ya nani. Lakini kuna swali zito zaidi ambalo linapita bila kuulizwa. Kicheko kile kinamwangukia nani?

Kutoka televisheni ya serkali mpaka simu ya mkononi

Televisheni ya taifa ilianza mwaka 1966, mwaka mmoja kisha Mobutu kuchukua utawala. Kwa muda mrefu ilikuwa kituo kimoja, cha serkali, na kila kilichoonyeshwa kilikuwa chini ya jicho la chama kimoja. Wazee waliokuwa na televisheni ao waliokuwa na jirani mwenye televisheni wanakumbuka Groupe Salongo. Hata jina la kundi lilikuwa la wakati ule: salongo ni kazi ya lazima ya pamoja ambayo raia walipaswa kuitikia. Visa vilikuwa vya ndoa, vya deni, vya wivu wa kartie. Wale wanaosema kwamba zamani kila kitu kilikuwa safi wanasahau kidogo, maana hata wakati ule mlevi na mke mwenye wivu ndio walileta watu mbele ya tele. Tofauti ni kwamba kulikuwa mtu mmoja mwenye kufungua na kufunga mlango.

Mlango huo ulifunguka pole pole. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na sheria ya tarehe 22 Juni 1996 juu ya uhuru wa vyombo vya habari ikatoa msingi kwa redio na televisheni za watu binafsi. Kinshasa ikajaa vituo, vingi vya kanisa za uamsho. Kituo kinapaswa kujaza masaa ya usiku, na teatre haiombi feza nyingi: nyumba ya rafiki, kamera moja, waigizaji wanaovaa nguo zao wenyewe, na maneno yanayotoka papo hapo bila kuandikwa. Ndiyo watu wanaita maboke, jina lile lile la samaki inayofungwa ndani ya majani na kuwekwa juu ya makaa.

Mtafiti mmoja wa Ubelgiji, Katrien Pype, alifuata waigizaji hao mjini Kinshasa katika miaka ya 2000, akatoa kitabu juu yao mwaka 2012. Alionyesha jambo ambalo mtazamaji wa kawaida analijua bila kusoma: teatre nyingi za wakati ule zilitembea pamoja na mahubiri. Zambi ilionyeshwa wazi, uzinzi, ulozi, tamaa ya feza, kisha mchungaji anaingia, mapepo yanatoka, mtu anatubu. Uchafu ulikuwa na kifuniko. Mama wa kanisa aliweza kuangalia mambo makali kwa sababu alijua mwisho utakuja na maombi.

Simu imeondoa kifuniko hicho. Leo teatre inaingia YouTube, na kutoka pale mtu anakata kipande cha dakika moja, kile chenye matusi zaidi, anakituma kwa WhatsApp ao TikTok. Toba haimo ndani ya kipande hicho. Mchungaji hamo. Kuna tu mwanamke anayetukanwa juu ya mwili wake na sauti ya watu wakicheka. Na kwa sababu feza inafuata hesabu ya watazamaji, kundi linalotaka kula linajifunza haraka ni kipande gani kinatembea. Hapo waigizaji hawana kosa peke yao: anayebonyeza na anayemtumia mwenzake ndiye anayelipa kazi hiyo.

Lingala si lugha sawa na zingine hapa kwetu

Katiba ya RDC inataja lugha nne za taifa: kikongo, lingala, kiswahili na chiluba. Kwenye karatasi zote ziko sawa. Kwenye televisheni, lingala ndiyo inaenda mbele, na hapo mashariki inafika na mzigo wake wa historia. Tangu wakati wa Force Publique ya Wabelgiji, lingala ni lugha ya jeshi. Kwa vizazi vingi vya wakaaji wa Kivu, Maniema na Ituri, mtu wa kwanza aliyewaongelesha kwa lingala alikuwa na bunduki, kwenye kizuizi cha barabara, na alikuwa anaomba kitu. Kwa hiyo tusi la lingala linasikika hapa na uzito ambao mtu wa Kinshasa hatauona. Yeye anasikia mchezo wa maneno wa kartie yake. Mzee wa Walungu anasikia sauti ya kizuizi.

Kuna jambo la pili. Teatre na muziki wa Kinshasa vinapenda mbwakela, maneno ya kurusha kwa pembeni: unamtukana mtu bila kumtaja, ao unataja jambo la mwili kupitia jina la chakula, la chombo, la motokari. Ni ufundi wa kweli, na anayeujua anacheka mara mbili, mara ya kwanza juu ya neno na mara ya pili juu ya akili iliyolificha. Lakini mbwakela inaomba lingala ya ndani. Katika saloni ya Uvira, bibi anasikia muigizaji akiongea juu ya mihogo na anafikiri ni mihogo. Mjukuu wa miaka kumi na mbili, aliyejifunza lingala kwa nyimbo na kwa marafiki, anajua vizuri si mihogo. Anacheka, bibi anamuuliza amecheka nini, na mtoto anapaswa kuchagua: kutafsiri ao kudanganya. Karibu watoto wote wanachagua kudanganya, na wanafanya vizuri.

Hiyo inageuza nyumba chini juu. Kwa desturi, mkubwa ndiye anajua maneno mazito na ndiye anaamua lini mtoto atayasikia. Mbele ya teatre, mtoto ndiye anashika ufunguo. Sehemu kubwa ya hasira ya wazazi inatoka pale, hata kama hawaisemi hivyo. Hawachukizwi tu na neno. Wanachukizwa kuona mtoto amelijua mbele yao.

Mchekeshaji anayetumia kiswahili hana pahali pa kujificha namna hiyo. Akisema, bibi anamsikia, mama mkwe wake anamsikia, mwalimu wake wa zamani anamsikia. Filamu za Tanzania, ambazo zinafika kwetu kupitia Uvira na Kalemie na siku hizi kupitia simu, zinaeleweka na watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja. Marehemu King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, hakuhitaji mtoto wa kumtafsiria. Na hata kwetu, televisheni ya kuchekesha kwa kiswahili si jambo la jana. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijulikana kwa redio na televisheni kwa miaka mingi, na mwaka 1986, chini ya Mobutu, lilitayarisha mchezo mzima juu ya msemo kwamba utawala unaliwa mzima, bila kugawana. Mtafiti Johannes Fabian aliufuata mchezo huo tangu mazungumzo ya kwanza mpaka mwisho, akaufanyia kitabu mwaka 1990. Pale kicheko kilielekea juu, kwa mwenye kiti. Jambo hilo litarudi hapa chini.

Matusi ya kicheko yana fasi yake

Wanaosema kwamba lugha chafu imeletwa na Kinshasa, ao na wazungu, wanafunga macho juu ya desturi zetu wenyewe. Wazee wetu walicheka mambo ya mwili, tena kwa nguvu. Kwa Waluba, nyimbo za kuzaliwa mapacha zina maneno ambayo siku ingine yangeleta kesi mbele ya chifu. Siku ile wakubwa wanayaimba kwa sauti, na hakuna anayetafuta telekomande. Katika makabila mengi ya mashariki, babu na mjukuu wanataniana: babu anamwita mjukuu wa kike "bibi yangu", mjukuu anamjibu kwamba mzee kama yeye hana meno ya kumtosha. Wamama peke yao, wakiandaa ndoa ya binti, wanaongea mambo ambayo hakuna teatre ya Kinshasa imethubutu kuonyesha.

Lakini kila neno lilikuwa na fasi yake. Utani una mtu wake, siku yake na mpaka wake. Neno lile lile ambalo babu anamwambia mjukuu, baba hawezi kulitaja mbele ya binti yake. Na mbele ya wakwe, hata neno "nguo ya ndani" ni zito. Muoaji anayejiheshimu hapiti hovyo mbele ya mama mkwe, na kuna familia ambapo hawali kwenye meza moja. Sasa mweke muoaji huyo na mama mkwe huyo kwenye kiti kirefu kimoja, saa mbili ya usiku, juu mama amekuja Bukavu kutunzwa hospitalini na nyumba ni ndogo. Mchezo unaanza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekosa adabu. Televisheni imewavunjia bukwe bila kuwauliza.

Hii inaeleza kwa nini mtu mmoja anaweza kuwa pande zote mbili. Kijana anayecheka mpaka machozi akiwa na wenzake kwenye nganda ni yule yule anayezima tele akirudi kwa wazazi wake. Mama anayelalamika mbele ya kasisi anaangalia kipande kile kile kwenye simu pamoja na dada zake. Kuwaita wanafiki ni haraka mno. Wanashika sheria ya zamani: si neno lenyewe, ni nani aliyeketi karibu yako. Ndiyo maana pia jibu la "badilisha kituo" halitoshi. Linafaa kwa mtu mwenye chumba chake na skrini yake. Kwetu watu kumi wako na skrini moja, na anayeshika telekomande mara nyingi ni mtoto mkubwa wa kiume.

Wenye kutetea teatre wanasema jambo moja ambalo halipaswi kupuuzwa. Watu wamechoka. Siku nzima ni habari za vijiji vilivyochomwa, bei ya unga, barabara iliyofungwa, ndugu asiyejulikana aliko. Usiku wanataka saa moja ya kumwona mwanaume mpumbavu akipigwa na mke wake kwa sufuria. Kumwambia mtu aliyelala mara tatu porini mwaka huu kwamba kicheko chake hakina adabu ni kukosa adabu pia.

Malalamiko yanaweza kulisha moto

Si Congo peke yake inayogawanyika hivi. Mwaka 1989 katika jimbo la Michigan, Marekani, mama mmoja aitwaye Terry Rakolta aliangalia pamoja na watoto wake mchezo wa televisheni "Married... with Children", uliokuwa unacheka familia ya muuza viatu na mke wake bila kuficha mambo ya kitanda. Alikasirika. Hakuandika kwa kituo tu, aliandika kwa makampuni yanayolipa matangazo. Baadhi yakajiondoa, na magazeti makubwa yakamweka ukurasa wa kwanza. Tokeo likawa kinyume: watu ambao hawakuwa wanaujua mchezo huo wakawasha tele kuangalia ni uchafu gani huo, na mchezo ukaendelea mpaka mwaka 1997. Kituo kiliogopa kidogo, kwa kweli. Kisa kimoja kilichotengenezwa wakati ule hakikuonyeshwa Marekani mpaka mwaka 2002.

Wachungaji wa hapa kwetu wanaotaja jina la teatre fulani kwenye mimbari wangepaswa kujua habari hiyo. Kila wanapotaja, nusu ya vijana wa korali wanaitafuta kwenye simu mbele ya sadaka kuisha.

Nani analipa kicheko

Hapa ndipo mabishano yetu yanapotea njia. Mzazi anayeruka kwa hasira akisikia neno "matako" anabaki ameketi, tena anacheka, mchezo unapoonyesha mwanaume anayemvuta mwanamke kwa nguvu chumbani, mwanamke anakataa, kisha asubuhi yake anatoka akitabasamu. Hakuna neno chafu hata moja katika kisa hicho. Kinapita kama maji. Kumbe ndicho kibaya kuliko vyote.

Kwa sababu saloni hiyo iko mashariki mwa Congo. Hospitali ya Panzi ya Bukavu ilifungua milango mwaka 1999, na tangu hapo imetunza wanawake na watoto wengi sana waliobakwa. Daktari Denis Mukwege alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018 kwa kazi hiyo. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji ilitungwa kwa sababu ya yale yaliyotokea hapa. Ibara ya 15 ya Katiba inaamuru viongozi wapige vita mateso ya kingono. Katika kila kartie kuna nyumba ambapo mmoja wa walioketi mbele ya tele amepitia jambo hilo na hakumwambia mtu. Anaangalia kisa cha mwanamke aliyekataa kisha akatabasamu. Anasikia kaka zake wakicheka. Tangu siku hiyo anajua kwamba akisema, atachekwa pia. Hakuna mtu atakayepigia redio simu juu ya hilo, kwa sababu hakuna aliyeona kitu.

Vile vile na lafuzi. Kinshasa inapenda kucheka namna Muluba anavyotamka lingala, namna Muyaka anavyobeba mizigo, namna mtu wa kijiji anavyoogopa ngazi. Mtu wa mashariki naye anaitwa "Muswahili", na katika michezo mingi ni mjanja mwenye ndimi mbili, ao ni mgeni asiyejua mji. Kati ya watani, hayo ni chumvi ya maisha. Lakini katika inchi ambapo watu wameulizwa kwenye kizuizi waongee lugha fulani ili ijulikane ni wa kabila gani, kicheko juu ya lafuzi si kicheko tu. Mtoto anayekipokea leo kama mchezo anakitumia kesho shuleni juu ya mwenzake, na hapo si mchezo tena.

Mufwankolo alicheka mwenye kiti. Teatre nyingi za leo zinacheka mwanamke mnene, mjane, mlemavu, mtu wa kazi ya nyumbani, mkimbizi wa ndani. Anayechekwa ni yule asiyeweza kujibu. Mtu anaweza kutunga mchezo wenye maneno ya kitandani kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kumvunja mtu yeyote, na mwingine anaweza kutunga mchezo safi, wa kuonyeshwa hata kwa masista, unaomponda mjane mpaka chini. Kama wazazi wangechagua kati ya miwili hiyo kwa ajili ya watoto wao, wengi wangechukua wa pili bila kufikiri. Uchaguzi huo unapaswa kuangaliwa upya.

Sheria iko, mkono ni mfupi, na kisu kina makali mawili

Ibara ya 23 ya Katiba inatoa uhuru wa kusema, kwa maneno, kwa maandishi na kwa picha, ila kwa kuheshimu sheria, utulivu wa watu na adabu njema. Sheria ya makosa inaadhibu anayeonyesha ao kugawa nyimbo, maandishi na picha zinazovunja adabu. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda mtoto. Na kuna CSAC, baraza kuu la vyombo vya habari, lililowekwa na Katiba na kupangwa kwa sheria ya tarehe 10 Januari 2011. Kwa hiyo wanaoomba "sheria mpya" wanaomba kitu ambacho kiko tayari kwenye sanduku. Kinachokosa ni mtu wa kukitumia, na katika hali ya vita ya sasa mkono wa Kinshasa haufiki kila mahali.

Halafu mkono huo ukifika, haufiki kila mara pale raia walitaka. Kuna tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo na michezo, iliyo chini ya wizara ya sheria. Katika Novemba 2021 ilikataza nyimbo kadhaa, kati yake wimbo wa kundi la MPR uliouliza utawala mmoja kisha mwingine umefanya nini, na wimbo wa Bob Elvis uliokuwa barua kwa marehemu Étienne Tshisekedi. Tume ilisema nyimbo hizo hazikupita mbele yake. Raia walisema nyimbo ngapi za matako zinapita kila siku bila kuulizwa karatasi. Kisha siku chache wimbo wa MPR uliruhusiwa tena. Anayetaka serkali isafishe teatre akumbuke mwezi huo: mkasi ukipewa mtu wa utawala, unaanza na anayecheka utawala.

Wengine wamefanya kwa namna ndogo zaidi, na inasaidia. Watu wa kwetu wenye Canal+ wanaona kila usiku, kwenye pembe ya skrini, alama ndogo ya duara yenye -10, -12 ao -16. Ni kanuni ya Ufaransa. Tangu mwaka 2002 alama hizo zinabeba hesabu ya miaka. Uingereza, saa tatu ya usiku, ni kusema 21h, ndiyo mpaka: mbele yake, michezo isiyofaa watoto haipiti. Alama haimzuii mtu na saa haimkatazi mtu. Zinampa mzazi dakika mbili za kusema: watoto, mwende kulala. Muoaji naye anapata sababu ya kutoka inje kupiga simu, na bukwe inabaki salama.

Vituo vidogo vya mashariki vinaweza kufanya hivyo bila kungoja barua ya Kinshasa. Haiombi mashine mpya. Inaomba mtu wa programu aangalie mchezo mzima mbele ya kuuonyesha, jambo ambalo mara nyingi halifanyiki: kundi linatuma faili, fundi anaiweka, basi. Inaomba pia mtangazaji aseme kwa kiswahili, mbele ya kuanza, mchezo huu una nini ndani, ili bibi asitegemee mjukuu.

Kitu cha kwanza cha kuangalia si hata usiku. Ni asubuhi. Vituo vingi vinarudilia asubuhi kile kilichopita jana usiku, kwa sababu ni njia rahisi ya kujaza masaa. Saa hiyo baba yuko kazini, mama yuko sokoni tangu alfajiri, na watoto wanaosoma zamu ya mchana wako nyumbani peke yao, yuniforme tayari, wakingojea saa sita. Tele imewaka.